Dizeli Bondeni kwa Atuganile

Zama zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa milango, malori ya kupeleka mafuta Malawi yalipita Kyimo mchana kutwa, na madereva walishuka ule mteremko kama wanaofukuzwa na nyuki. Alhamisi moja lori likashindwa kona, likapinduka. Dereva alitoka mzima, ila tenki lilipasuka, na dizeli ikafuata mtaro hadi kijitoni, bondeni kwenye majimbi ya Atuganile.

Atuganile, ambaye kijijini walimwita Mama Lusungu, alikuwa mjane, na bonde lile alikuwa amelilima miaka kumi na saba. Aliwajua wakazi wake wote: fisi maji waliomwachia magamba ya kaa juu ya mawe, mdiria wa buluu aliyevizia visamaki kutoka kwenye tete, na vyura waliompigia kelele mvua ikikaribia. Kesho yake alfajiri alikuta kimya. Maji yalikuwa yametandwa na utando wa rangirangi. Kaa walikuwa wamejikokota hadi kwenye nyasi wakafia huko. Mdiria alikuwa chini matopeni, manyoya yamegandamana, anatetemeka. Na chini ya jimbi alilala fisi maji, amelowa chapachapa, amekakamaa kama gogo. Manyoya yakishiba dizeli hayazuii tena baridi, na baridi ya Rungwe haina huruma.

Alimwosha mdiria kwa maji ya vuguvugu na sabuni, akamweka karibu na jiko. Ndege akafa kabla uji haujaiva.

Hapo hasira ikampanda. Alimtia fisi maji kwenye tenga, akajitwika, akaenda Tukuyu mjini. Ofisi ya kwanza walimwambia wao kazi yao mabomba. Ya pili wakasema wao ni watu wa misitu. Katika ya tatu, karani mwenye tai aliziba pua.

"Mama, huyu mnyama ni wako?"

"Ni wa mtoni."

"Sasa mlalamikaji ni nani?"

"Yeye mwenyewe, ila amekufa. Ndiyo maana nimembeba."

"Kalete barua ya mwenyekiti wa kijiji," karani akasema, akafungua dirisha.

Atuganile akarudi Kyimo kumtafuta mwenyekiti, Mzee Obed. Akamkuta mtaroni, suruali imekunjwa hadi magotini, anachota dizeli kwa kopo pamoja na nusu ya kijiji.

"Barua nitakuandikia, Mama Lusungu," Obed akasema bila kuinua kichwa. "Ngoja kwanza nijaze hili dumu."

"Mwe bandu, enyi watu!" Atuganile akafoka. "Mto unakufa, nyie mnajaza madumu?"

Waliendelea kuchota. Akashika panga, akaingia kwenye migomba yake mwenyewe, akaangusha minane. Magogo akayalaza kukatiza kijito, moja juu ya jingine, na mianya akaiziba kwa majani makavu. Maji yalipenya chini, mafuta yakabaki juu, yakajikusanya nyuma ya magogo, mazito kama uji.

Watu walipoyaona, wakauacha mtaro, wakamiminika kwake na ndoo. Wakakanyaga majimbi bila hata kupiga hodi. Atuganile aliinua panga awatimue, kisha akatazama upande wa chini wa magogo. Maji yalikuwa karibu safi, na chura alikuwa anaogelea.

Alikaribia kulia kwa hasira. Watu waliokataa kumsaidia ndio hao waliokuwa wanamsafishia mto, na hata hawakujua.

"Haya, choteni!" akasema. "Ila kila ndoo na mzigo wa majani makavu. Na atakayesogeza gogo langu, mguu wake halali yangu."

Walichota siku tatu. Mzee Obed alileta majani mizigo sita.

Wiki ya tatu ndipo alipofika ofisa na daftari. Akawapongeza wananchi kwa moyo wa kujitolea.

"Moyo gani?" Atuganile akamkatiza. "Andika hivi: kaa hawahesabiki, mdiria mmoja, fisi maji mmoja, na majimbi yangu yote."

Ofisa akaandika "hasara ndogo", akapanda gari.

Mvua za mwaka uliofuata zilirudisha vyura sehemu ya juu ya kijito, na kaa wachache. Fisi maji hakuwaona tena. Katika kila mkutano wa kijiji alisimama akidai mtaro wa barabara uchepushwe mbali na kijito, mpaka watu wakawa wanaguna anapoinuka tu. Mwaka wa pili wakachoka kuguna, wakachukua majembe, wakauchimba upya, huku Atuganile akisimama juu ya tuta kuwaambia kuwa haujanyooka.