Konokono wa Dagny na Blanketi Jekundu

Ninalotaka kulisimulia hapa hamtaliamini, na siwalaumu. Hata mke wangu, ambaye aliniamini niliposema samaki mkunga niliyemvua ghubani alikuwa mrefu kuliko mlango wa kanisa, hili alilikataa katakata. Lakini mimi, Thøger Bjerrum, ingawa shule niliiacha mapema ili isiteseke sana na mimi, sijawahi kuongeza chumvi mahali ambapo chumvi haikuhitajika.

Habari yenyewe inamhusu Dagny Ravnkilde, fundi baiskeli wa mtaani kwetu, hapa Jutlandi ya kaskazini. Ananiita mjomba, ingawa damu yetu si moja. Siku yake ya kwanza ya shule nilimpakia kwenye baiskeli yangu nikamwangusha mtaroni, na udugu wetu ulianzia humo mtaroni. Sasa amepita sitini. Ana mabega ya mpagazi wa bandarini, na nywele zake anazikata kwa mkasi uleule wa kukatia mipira ya magurudumu. Januari, wakati watu wenye akili zao wamekumbatia jiko, yeye anajitosa ghubani na kofia ya sufu kichwani, kisha anatoka akipiga mluzi.

Baiskeli haitoki kwenye karakana yake bila kuchorwa konokono mdogo chini ya kiti. Nimemuuliza mara nyingi.

“Dagny, mtu anataka baiskeli ikimbie, wewe unamchorea konokono?”

“Mjomba, siku utakayonilipa ndiyo siku utakayochagua mnyama.”

“Lakini kwa nini konokono?”

“Sijui. Ndiye wangu. Hata kwenye madaftari ya shule nilimchora.”

Basi, tukaishi na konokono wake hadi alipofariki mama yake mdogo, Asta. Baada ya mazishi tuliketi kunywa kahawa, kama ilivyo ada, na binamu yake Regner, ambaye glasi moja ya pombe kali inamtosha, alikuwa amemaliza ya tatu. Akamgonga Dagny begani.

“Huyu ni chuma! Lazima uwe chuma kama maisha umeanzia makao ya watoto.”

Vijiko vyote vikasimama vikombeni.

“Makao gani?” Dagny akauliza.

“Si yale aliyokupeleka mama yako ulipokuwa mdogo. Mama Asta alinidokeza. Kwani wewe hujui?”

“Wapi? Lini?”

Regner hakujua zaidi. Akaiangalia keki yake kama vile keki ndiyo iliyosema. Na wakubwa wote waliojua walikuwa wameshazikwa, wa mwisho wao saa moja tu iliyopita.

Mama yake Dagny, Bi Ragnhild, nilimfahamu vizuri. Walihamia nyumba iliyotazamana na yetu Dagny akiwa na miaka minne, wawili tu, kwani baba alikwisha kufa baharini. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Ukimuuliza jambo gumu, alikuambia, “Kula.” Dagny alipomuuliza mbona hakuna picha yake hata moja ya utotoni kabla ya kuhamia kwetu, aliambiwa kamera zilikuwa ghali, kisha akaambiwa ale.

Baada ya ile kahawa ya msiba, mluzi ulikoma karakanani. Nilimkuta ameshika gurudumu bila kulifanya lolote.

“Alinitupa, Mjomba.”

“Angekutupa, angekurudia?”

“Baada ya muda gani? Na mbona hakusema? Mtu hafichi jambo la heri. Nimejaribu kukumbuka, sioni kitu. Hata ukuta sioni.”

Kwa bahati mbaya, aliyeingia wakati huohuo alikuwa Villads, mtunza makaburi wetu, anasukuma toroli lenye pancha. Villads ni mtu mwema, ila hajui kuchagua saa.

“Dagny, muda wa kaburi la mama yako unaisha Pentekoste. Tunaongeza miaka, au nang'oa jiwe nisawazishe?”

“Ng'oa,” Dagny akasema.

Villads akanitazama. Mimi nikaangalia dari. Kwetu kaburi hulipiwa kwa miaka, na likishasawazishwa hupandwa majani tu, na baada ya mvua moja hujui alilala nani pale.

“Nitauliza tena Pentekoste yenyewe,” Villads akasema taratibu. “Jiwe halikimbii.”

Hapo ndipo ikabidi niingie mimi, maana mambo makubwa ya mtaa huu hayajawahi kwenda bila mimi. Jumamosi moja nilikwenda kwenye mnada wa vitu vikuukuu, ghalani kwa mzee mmoja ng'ambo ya ghuba. Mke wangu alikuwa amechoka kuona makoti yangu juu ya viti, kwa hiyo nikanunua ubao mrefu wa kutundikia nguo, wenye kulabu za shaba. Chini ya kila kulabu palichorwa picha: bata, uyoga, kengele, tufaha, konokono. Watu wa rika langu mnazijua mbao hizo. Watoto wasiojua kusoma walipewa picha badala ya jina, na koti, taulo, kikombe na kitanda cha mtoto vyote vilikuwa na picha hiyohiyo.

Ninavyosimulia mimi, nilipomwona yule konokono nililia “Ala!” nikajua yote papo hapo. Dagny anadai nilivutiwa na shaba tu. Tusigombane.

Nikampelekea ubao akaze kulabu iliyolegea, nikauegemeza ukutani, chini, karibu na mguu wa meza. Dagny akaingia kutoka kuogelea, taulo limelowa mkononi, ananisimanga kwa kuegesha gari langu mlangoni. Misumari ya kutundikia imejaa ukutani mwake. Akaipita yote. Bila kuangalia, huku bado ananisimanga, akainama hadi magotini, akatundika taulo kwenye kulabu ya konokono. Kisha akakaa sakafuni, mwanamke mzima, akavua buti, akazipanga chini ya ubao, vidole vimeelekea ukutani.

“Dagny, unafanya nini?”

“Viatu lazima vitazame ukuta,” akasema, “la sivyo hakuna uji.”

Tukatazamana.

“Nani kasema?”

“Sijui, Mjomba. Mtu fulani. Ana aproni.” Sauti yake ilikuwa ndogo, na Dagny hana sauti ndogo. “Ubao huu umetoka wapi?”

Nilimpigia simu mwenye ghala. Akasema ubao ulitoka kwenye nyumba kubwa ya njano kule Lyngnæs, iliyokuwa makao ya watoto zamani. Kesho yake tulikuwa barabarani. Njia nzima Dagny aliniambia tu kwamba kona ni ya kupunguza mwendo.

Nyumba ya njano sasa ni ya wageni wanaokuja kutazama ndege. Mwenyeji akatuelekeza kwa Bi Elna Skytte, aliyekuwa yaya pale tangu usichana wake, anaishi kijumba cha pili kutoka gatini. Tukabisha. Akafungua bibi mfupi, amejifunga aproni, akatuomba tuvue viatu. Mimi nikavitupa vyangu kama ninavyovitupa nyumbani. Dagny akavipanga vyake, vidole vinatazama ukuta.

Bi Elna akaviangalia vile viatu, akamwangalia Dagny.

“Wewe ni wangu,” akasema. “Ulikuwa picha gani?”

“Nadhani konokono.”

“Konokono! Yesu wangu, umekuwa mkubwa kama kabati. Ingieni, ingieni.”

Dagny alitaka kuuliza hapohapo mlangoni, lakini Bi Elna ni mtu wa zamani, na kwa watu wa zamani haliulizwi neno kabla ya keki. Na keki ya kwanza ukiila, lazima ule ya pili, na ya tatu ukiikataa umemtukana mwenye nyumba. Basi tukala. Nilikula kishujaa, nikala na za Dagny alipokuwa anasukuma sahani upande wangu.

“Unajua ulivyompata konokono?” Bi Elna akasema akimimina kahawa. “Nilikupa bata, ukamtupa. Nikakupa uyoga, ukapiga kelele. Ukamwona konokono, ukaniuliza, ‘Huyu naye analala kwa watu?’ Nikakwambia hapana, huyu popote anapolala analala kwao. Ukasema, ‘Basi huyu.’”

Dagny akaweka kikombe chini.

“Bi Elna, nimekula. Sasa niambie. Mama yangu alinileta hapa kwa nini? Hakunitaka?”

Yule bibi akamkazia macho kana kwamba ameulizwa kama jua lina miguu.

“Hakukwambia? Ragnhild hakukwambia?” Akainuka, akafungua aproni. “Vaa viatu. Twende gatini.”

Tukasimama mwisho wa gati, upepo unatupiga masikio. Ng'ambo ya ghuba, juu ya kilima, palionekana jengo refu jeupe lenye baraza ghorofa baada ya ghorofa.

“Sasa ni nyumba za kupangisha,” Bi Elna akasema. “Zamani zile ilikuwa hospitali ya kifua kikuu. Mama yako alilazwa pale. Baba yako hayupo, mama yako mdogo ana watoto watano chumba kimoja, wewe uende wapi? Na daktari hakuruhusu watoto kuwasogelea wagonjwa. Basi akaomba uletwe hapa, si makao mengine yoyote. Walitaka kukupeleka mjini, kuna nafasi nzuri zaidi. Akakataa kula mpaka wakabadilisha.”

“Kwa nini hapa?”

“Kwa sababu hapa panaonekana kutoka kule. Kila siku mkishakunywa uji wa alasiri nilikuleta hapa uliposimama. Yeye alitoka kwenye lile baraza la juu akapunga blanketi la hospitali. Jekundu. Wewe ukapunga taulo lako la konokono. Hata siku za ukungu, hatuoni hata maji, ulinivuta aproni mpaka tuje upunge.”

“Na yeye siku za ukungu?”

“Nilimuuliza siku aliyokuja kukuchukua. Akasema naye alipunga.”

Dagny akalikazia macho lile baraza la juu. Mimi sikuongeza neno, na hilo peke yake lingetosha kuandikwa gazetini.

“Sasa mbona alininyamazia?” akauliza mwishowe.

“Mwanangu, siku zile aliyetoka pale juu alipewa kikombe chake peke yake. Hapati kazi, hapati chumba, na mtoto wake hapati wa kucheza naye. Alinyamaza ili ukacheze. Halafu nadhani kunyamaza kukamzoea.”

Hapo mimi nikakumbuka dirisha la juu la Bi Ragnhild.

“Dagny,” nikasema. “Blanketi.”

“Najua,” akasema.

Mtaa wetu wote ulilijua blanketi la Bi Ragnhild. Kila asubuhi, Dagny akiwa anakata kona ya duka la mikate kwenda shule, mama yake alifungua dirisha la juu akalikung'uta blanketi jekundu, pwa, pwa, pwa, mpaka mtoto apotee. Mvua, theluji, yeye yumo. Tulimwita Mama Vumbi. Kwetu sisi, watu wa kufagia hata ngazi ya jirani, nani angefikiri jingine? Wake wa mtaa walimwonea wivu kwa usafi, wakaanza nao kukung'uta.

Dagny alikuwa anacheka, na machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

“Nilimwonea haya, Mjomba! Nilikuwa na miaka kumi na mbili, nikasimama pale kwenye kona nikampigia kelele, ‘Mama, limeshakuwa safi! Inatosha!’”

“Akakujibuje?”

“Akasema, ‘Bado.’”

Alikwenda garini, akarudi na taulo lake la kuogelea, maana haendi popote bila hilo. Akasimama ukingoni kabisa mwa gati akalipunga kwa mabega yale yote, nusura amwangushe Bi Elna majini. Kule ng'ambo, kwenye baraza la juu, mwanamume mmoja aliyekuwa amejikalia na kahawa yake akainuka, akaduwaa, kisha akavua sweta akatupungia. Bi Elna akapiga makofi. Dagny akapiga mluzi, wa kwanza tangu ule msiba.

Pentekoste ilipofika Villads alikuja na koleo lake begani.

“Haya, Dagny. Jiwe nang'oa?”

“Liguse uone.”

“Unaongeza miaka mingapi?”

“Mpaka uchoke kuuliza.”

Tukaenda makaburini. Dagny alikuwa na kopo la rangi ya baiskeli, na nyuma ya jiwe la mama yake, upande unaotazama ghuba, akachora konokono mwekundu. Villads akasema kanuni haziruhusu rangi kwenye mawe. Akazunguka jiwe, akalitazama, kisha akauliza kama toroli lake nalo linaweza kupata konokono kama huyo.

Ilikuwa siku ambayo mji huu hautaisahau. Watu walijaa hadi nje ya ukuta, kwaya ya kanisa ikaimba, askofu mwenyewe akasimamisha gari, na mimi nikatoa hotuba iliyowaliza wanaume wazima hata—

“Mjomba Thøger.” Ni Dagny huyo, amekuja kuchukua pampu yake, sasa anasoma ninayoandika, juu ya bega langu, na mikono yake ya grisi. “Tulikuwa watatu, wewe, mimi na Villads. Mvua ilinyesha. Na hotuba yako ilikuwa ‘Turudi garini.’”

“Sawa, sawa. Lakini hilo la konokono niache niliseme, kwa sababu yule konokono, ambaye kusema kweli nusu yake nilimchora mimi kwa mkono wangu huu wa kulia, alikuwa mkubwa kama—”

“Ulimchora nani? Wewe ulishika kopo, Mjomba, na hata hilo kopo uliliangusha.”