Kabichi ya Mama Jikoni kwa Bibi

Kila Ijumaa nyumba yetu ya Hail, Maskati, ilikuwa na harufu mbili zilizogombana: udi aliofukiza Bibi sebuleni, na kabichi ya Mama iliyokuwa ikichachuka kwenye chupa kubwa jikoni. Baba, Muomani mzaliwa wa Unguja, alimwoa Mama alipokuwa akisomea uhandisi Ukraina, akaja naye Maskati kwa mama yake. Mama alijifunza Kiswahili, akajifunza pilau mpaka Bibi akakosa la kukosoa. Lakini hakukubali mimi na kaka yangu tukue bila lugha yake. Yeye na wenzake wa kwao walikuwa na chama chao kidogo: watoto tulifundishwa kusoma na kuimba, na wakubwa wakashikana mikono kwenye shida.

Nilikuwa darasa la nne pale mwanamke aliyetukaribisha nyumbani kwake, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, alipohama. Chama kikakosa pa kukaa, na kwa wakati mbaya kabisa. Halina, mmoja wao, alikuwa amefiwa na mumewe, na wenzake ndio waliomlelea mwanawe ili atafute kazi. Wakitawanyika, ingembidi afunge virago arudi kwao. Mama akamwambia Bibi, bila kupepesa macho, kwamba Ijumaa watakuja kwetu. "Waje mara moja, ntizame," Bibi akajibu. Tulijua maana yake: wakimuudhi, basi.

Asubuhi ya Ijumaa hiyo Mama aliikuta chupa tupu, imeoshwa inang'aa. Kabichi ya wageni, ya kutia ndani ya vijisambusa vya kuchemsha, ilikuwa imemwagwa. "Imechacha, mwanangu!" Bibi akasema kwa huruma. "Nnakusitiri na wageni wako." Mama akawa mwekundu kama nyanya. Nilimwonea uchungu, nikajua leo kutawaka moto. Badala yake akaenda stoo, akarudi na chupa ya pili, akaifungua chini ya pua ya mkwewe.

"Mama," akamwambia, "ndivyo inavyotakiwa. Onja kwanza."

Bibi akaonja, akakunja uso. Akaonja tena.

"Kumbe achari! Ila mbona haina pilipili?"

Alasiri alikuwa amekaa katikati ya wageni, akibana kingo za vijisambusa na kukosoa vya Halina, huku mtoto wa Halina amelala kwenye mkeka wa Bibi. Walipoaga akawaambia, "Wiki ijayo njooni mapema. Kabichi ntaitia pilipili mwenyewe."

Bibi hayupo tena, na namkumbuka kila ninapokata kabichi. Chama sasa kinakutana kwangu, Al Amerat, nyuma ya milima ya Maskati. Wapo wanaosema siku hizi simu inatosha, watu waonane humo humo na wasijichoshe kuvuka milima. Mimi sikubali, simu haimshiki mtoto wa mtu mama yake akienda kutafuta kazi. Halina, aliyepata kazi na kubaki, ndiye anayefundisha watoto wetu kusoma. Ijumaa iliyopita alikuja dada mmoja mgeni, ametoka Ukraina juzijuzi, hana anayemjua. Akaonja kabichi yangu, akashtuka.

"Kwetu hatutii pilipili," akasema.

"Sisi tunatia," nikamjibu, nikamsogezea kiti.