Mkono wa Kushoto wa Baraka

Leo mtoto wa jirani kanichania daftari ninalosomea mtihani wa magonjwa ya akili, na mimi nikapiga vigelegele.

Ngojeni niwaeleze.

Mtoto huyo, Baraka, akiwa na miezi saba, hapa mtaani kwetu Chapwa wote tulimsifu. Ukimpa kitu, anapokea kwa mkono wa kulia tu.

"Mwanangu ana adabu," mama yake alijigamba.

Nilipiga makofi. Mimi, ninayesomea utabibu! Semeni kweli, na ninyi si mngempigia?

Siku moja nakariri hatua za ukuaji, nikasoma: mtoto akichagua mkono kabla ya mwaka, huenda ule mwingine una shida.

Nikamtazama Baraka. Kiganja cha kushoto amekikunja ngumi.

Nilipomwambia mama yake, alikasirika. "Dokta gani wewe, hata mtihani hujafanya!"

Lakini alimpeleka hospitali. Kweli, shida ilikuwa kwenye ubongo. Mazoezi ya mkono yakaanza.

Leo nasoma kibarazani kwao, Baraka kanyoosha mkono wa kushoto, kakamata ukurasa, chwaa!

Mama yake akaruka. "Dokta! Umeona? Wa kushoto!"

Dokta. Safari hii hakunikejeli.

Mwacheni apokee kwa kushoto. Adabu tutamfundisha akikua.