Vikonyo vya Mama Mkwe

Katika masomo yote ya madarasa ya jioni pale Newala, baiolojia ndiyo iliyotaka kunizika nikiwa hai. Nilishafeli majaribio mawili. Mwalimu akanieleza wazi: nikifeli la tatu, mtihani wa taifa sifanyi mwaka ule, na kozi ya uuguzi niisahau.

Jaribio lenyewe lilikuwa kuleta mimea na kueleza majani yameshikaje kwenye shina. Mimi nilikuwa kazini tangu alfajiri, nikamwomba mama mkwe aniletee majani ya muhogo kutoka shambani kwake Mkunya. Sikufafanua zaidi. Saa kumi jioni akatokea mlangoni pa darasa na kapu. Nikafunua: majani laini, yameoshwa, na hakuna kikonyo hata kimoja! Kavikata vyote, kama sisi wote tunavyofanya kabla ya kutwanga kisamvu.

"Mama, vikonyo viko wapi?"

"Heee! Siku hizi unampikia mwanangu vikonyo?"

Darasa lilicheka mpaka mabati yakataka kuruka hadi Masasi. Mwalimu, kijana ambaye kila jioni huniamkia kwanza ndipo anifundishe, akatazama saa. "Nakupa robo saa, mama."

Tukakimbilia kibustani cha nyuma ya darasa. Mama mkwe akaninyang'anya daftari, akalibana kwapani. "Humu hamna jani. Shika hapa." Akaupandisha mkono wangu kwenye shina la muhogo: kikonyo kimoja huku, cha pili juu yake kule. Kumbe ndiko kupishana nilikokukariri miaka mia bila kukuona! Kwenye mpera majani yalitoka mawili mawili, yakitazamana kama wagomvi. Jani la muhindi halikuwa na kikonyo kabisa. Limejifunga kwenye shina kama kanga kiunoni.

Nilirudi na matawi yangu, nikaeleza kama profesa.

"Nani kakufundisha?" mwalimu akauliza. Nikaonyesha mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mpe alama zake upesi, kisamvu changu kinanyauka."

Akanipa kumi na saba kwa ishirini. Mtihani nikafanya mwaka uleule, na leo navaa sare ya uuguzi. Mgonjwa akinishukuru, napokea nusu tu. Nusu ya pili namwambia aipeleke Mkunya, nyumba yenye kinu kikubwa kuliko mlango.