Mkeka Uliorudi Nyumbani

Wiki iliyopita mimi na dada yangu tulitoa uani vitu vya marehemu bibi, pale Kibaoni, majirani wajichagulie kwa bei ya kutupa. Kama hujawahi kuifanya kazi hiyo, nikuambie ilivyo: huanza na vumbi na chafya, baadaye hugeuka sherehe. Watu hupenda kuona vya chumbani vikiwa juani. Jirani mmoja alipata birika lisilo na mfuniko, akaondoka anacheka kama ameokota dhahabu. Kisha dada akashusha mkeka uliokuwa umeviringishwa juu ya kabati. Nikamwambia, "Huo subiri kwanza."

Nilipokuwa darasa la tatu, msimu wa mpunga ulipofika bibi alihamia shamba, Namawala, kama familia nyingi za huku, akae kibandani mpaka mavuno. Watoto wengi waliacha shule wakafuata wazazi. Mwalimu wetu, aliyepanga na mumewe nyumba ya jirani, akamwambia bibi, "Mwache mtoto kwangu." Nikala kwake, nikalala kwake. Chai yake ilinukia mchaichai, na aliponisahihisha herufi aliushika mkono wangu taratibu.

Likizo ya Pasaka nikaenda shamba kuamia ndege. Mimi nagonga debe na kupayuka ili mpunga usiliwe, bibi kibandani anasuka. Kusuka mkeka kunataka subira: ukindu unaanikwa, unachanwa, mwingine unachemshwa kwa rangi, unasuka ukanda mwembamba mrefu, ndio ukili, halafu unazishona kanda hizo ubavu kwa ubavu. Bibi alitia zambarau na kijani. Kona moja alikosea mpangilio wa rangi, akaiacha hivyo hivyo. "Atajua ni mkono wa mtu," alisema. Ulikuwa mkeka wa kumshukuru mwalimu. Nilipompelekea, aliukumbatia.

Mwaka uliofuata mwalimu akapata uhamisho, akatandaza vitu vyake uani. Bibi alikuwa ameweka akiba kwa ajili ya ile chupa ya chai ya mwalimu yenye maua, niliyomsimulia. Tulienda asubuhi, mimi nimevaa nguo za kanisani.

"Mwalimu, na mume naye unauza?" mama mmoja alipaza sauti.

"Huyo bure! Beba tu, ila anakula sana!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nami nilicheka, mpaka nilipouona mkeka umeegemezwa kwenye jiko la mkaa.

"Shikamoo, bibi, karibu," mwalimu alisema. Akafuata macho ya bibi. "Huo mpya kabisa, sijaulalia hata siku moja. Mzazi fulani alinipa, hata simkumbuki. Nitakupunguzia."

Bibi aliugeuza, akaipata ile kona, akapitisha kidole juu ya rangi zilizokosewa.

Nikafungua mdomo. Bibi akanibana mkono.

"Nitachukua huu," alisema. "Safari njema, mwalimu."

Chupa yenye maua tukaiacha palepale. Njiani nilimuuliza kwa nini hakumwambia.

"Nimwambie nini, mjukuu wangu? Mtu anahama."

Nilidhani angeulalia mwenyewe. Hakuutandika kamwe. Wageni wa misiba na sikukuu walipojaa nyumbani, alinituma kuazima mikeka kwa majirani, huo ukiwa juu ya kabati, na wala hakuna aliyethubutu kuutaja.

Basi wiki iliyopita nikaufungua. Mkeka hutaka kulaliwa ndipo ubaki laini. Huo ulikuwa umekauka, ukavunjika mstari kwa mstari kadiri nilivyoukunjua. Mteja aliyekuwa akiungojea akasema, "Ah, huo umeshakufa, nitanunua wa plastiki," akaenda zake. Ni kweli, siku hizi karibu kila nyumba ina wa plastiki, na anayesuka wa ukindu humwoni kirahisi.

Ile kona ilibaki nzima. Dada akaikata kwa kisu, akanipa.

Tangu utu uzima nimekuwa nikimtetea mwalimu moyoni: alikuwa na wanafunzi wengi aliowalaza kwake msimu baada ya msimu, wazazi wengi, zawadi nyingi. Ningekushauri nawe ufikiri hivyo, rafiki yangu, maana inasaidia. Lakini asubuhi zile aliponimiminia chai na kunipulizia ipoe, nilidhani nyumba ile ina mtoto mmoja tu, na bibi mmoja tu aliyemsukia mkeka.