Upande wa Shemeji

Fundi viatu akibishana kuhusu mpira hainui kichwa. Kiatu kimebanwa katikati ya magoti, misumari midogo iko kati ya meno, vidole vimeganda gundi, na maneno yanamtoka kwa pembe ya mdomo. Miaka yote mbishi mwenzake alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyeshinda kwenye benchi la kibanda bila kiatu cha kushonwa. Fundi alitaka kocha wa kulinda goli. Shemeji alitaka wa kushambulia, hata kama timu itafungwa, na kila hoja ya fundi aliijibu kwa kicheko kile kile: "Shemeji, hapo umechemka!" Tangu wamzike, benchi limejaa viatu ambavyo wenyewe hawajavifuata.

Leo redio imetangaza kocha mpya, na ndiye yule yule ambaye fundi alimpigia debe msimu mzima. Wateja wakaja mbio kumpa mkono. "Fundi, wamekusikia! Sasa hatufungwi ovyo." Akagonga msumari, akagonga mwingine, kisha akaitema iliyobaki kiganjani. "Kocha gani huyo? Timu nzima inarudi nyuma kama imeona nyoka. Mpira ni magoli, bwana."

"Ala! Si wewe uliyemtaka?"

Fundi akainua kichwa, akalitazama benchi. "Shemeji," akasema, bila kicheko, "hapo umechemka."

Wateja wakatazamana. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa shemeji yake.