Shati la Pacha

Usiku ule mama hakulala, alijilaza tu. Kila kiatu kilichopita barabarani kilimwinua kitandani, na kila mara kilikuwa cha mtoto wa mwenzake. Alipiga simu, haikupatikana. Akapiga tena, akijua jibu.

Mwanawe mtaani walimwita Pacha, ingawa alizaliwa peke yake. Jina lilianza kwa dhihaka, mwenyewe akalipokea akalikalia kama kiti chake. "Hawajakosea, mama," alimwambia siku moja wakimenya viazi. "Ndani yangu kuna mwanamume na kuna mwanamke, na hawagombani. Wanaogombana ni majirani." Mama alicheka, maana mzaha ulikuwa mzuri, kisha akaenda kukoroga chungu kisichohitaji kukorogwa.

Pacha alikuwa fundi simu. Wiki ile alipandishwa kuwa msimamizi wa duka, akaambiwa atapigwa picha ya kutundikwa ukutani ili wateja wamjue. Akamletea mama kitambaa cha rangi ya zambarau, cha kutosha mashati mawili.

"Kola ngumu, ya kiume," alisema. "Lakini kiunoni unibane, na mabega yalale kama ya blauzi. Vyote viwili, mama. Usinishone nusu."

Sasa mama alikuwa fundi cherehani tangu ujana, na fundi mzoefu ana ugonjwa wake: anamjua mteja kuliko mteja anavyojijua. Mtu anataja mkono mrefu kumbe anataka wa kufika kiwikoni. Ukimsikiliza atanuna, ukimrekebisha atakuletea na dada zake. Basi akamrekebisha na mwanawe. Akakata shati la kiume, limenyooka kama ubao, akalipiga pasi mpaka likang'aa.

Pacha alijitazama kwenye kioo. "Shati zuri," akasema taratibu. "La nani?"

Akalivua, akalikunja vizuri kama la mgeni, akachukua kitambaa kilichobaki, akatoka. Hakurudi.

Kulipokucha, muuza maziwa alibisha mlango akiwa na habari zake kama kawaida.

"Mama Pacha, mbona macho mekundu? Kama ni mtoto, nimemwona sasa hivi kwa Sindano, anapiga mswaki uani. Na shati alilovaa, mama, limemkaa kama kazaliwa nalo. Nikajua tu ni mkono wako."

Mama alipokea maziwa. Mwanawe mzima, Mungu ashukuriwe. Lakini shukrani haikufika hata kooni, wivu ukaipita njiani. Kwa Sindano! Msichana yule mwembamba aliyekuja kwake hajui kutia uzi, akamfundisha, akamlisha, na alipohitimu akafungua duka lake mkabala, mlango ukitazama mlango. Kikulacho ki nguoni mwako. Wateja aliwachukua, sawa, wateja ni wa Mungu. Sasa na mtoto?

Akavuka barabara na kanga ya jikoni, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

Sindano alikuwa kwenye cherehani yake kibarazani. Alisimama haraka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu yuko wapi?"

"Chumbani, anajiandaa kwenda kupigwa picha."

"Umembana kiuno?"

"Nimembana."

"Na kola?"

"Ngumu."

"Nani alikufundisha kuchanganya hivyo? Si mimi."

"Hakuna aliyenifundisha. Aliniambia, nikashona." Sindano aliinamisha macho, lakini ulimi haukuinama. "Mimi si mzazi wake, mama. Sina cha kumrekebisha."

Lile neno lilimchoma pale pale alipokuwa hana nguo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema watu, na hapa alikuwepo mtu asiyemzaa anayejua vipimo vya mwanawe, mabega, kiuno, na jinsi anavyotaka kuonekana. Aliwaza maneno ya kumrudishia, akayapata, makali kabisa. Akayameza. Akapita ndani hadi kwenye mlango wa chumba, akagonga.

"Nani?"

"Mama yako."

Ikaja sauti ya Pacha, karibu kabisa na mbao. "Umekuja kunirekebisha?"

Mama alivua futi shingoni, akaizungusha mkononi. Nyuma yake cherehani ya Sindano ilikuwa imenyamaza.

"Nimekuja kwa wivu," alisema, kwa sauti ya chini ili Sindano asisikie. "Usiku kucha nilidhani umeumia. Nilipoambiwa uko hapa nikaumia mimi. Uliniambia vyote viwili, nikakushona kimoja. Huyu kakusikia mara moja tu. Vaa lake, mwanangu, ukapigwe picha nalo. Ila nisiwe mtu wa mwisho kukuona."

"Ukiliona hutacheka?"

"Mimi? Nitatafuta kasoro ya mshono, hiyo siwezi kujizuia. Wewe sitakugusa."

Pacha alicheka kidogo, kicheko cha pua.

Kitasa kikazunguka. Mlango ukafunguka kiasi cha mtu mmoja kupita, na mama akaingia ubavuubavu, mikono nyuma, kisha akausukuma kwa kisigino ukajifunga, Sindano asiambulie kitu.